Wembe wa kukunja au mashine ya kunyolea: ukusanye kipi, na ukionyeshe wapi?

Anayeanza kukusanya vifaa vya kale vya kunyolea ndevu hufika kwenye njia panda kabla hata hajanunua cha pili. Upande mmoja zipo nyembe za kukunja, zile ambazo vinyozi wa zamani walizipitisha kwenye ukanda wa ngozi kabla ya kuzisogeza shingoni mwa mteja. Upande wa pili zipo mashine za kunyolea za chuma, zinazobeba wembe mwembamba wa kutupwa, ambazo wengi wetu tumeziona kwenye dirisha la bafu la babu. Zote zina historia ndefu na zote hupendeza kabatini, lakini hazidai utunzaji mmoja, wala haziharibiki kwa sababu zilezile. Makala haya yanazilinganisha kwa ajili ya mtu mwenye fedha za kiasi na nafasi ya kabati moja tu, hasa anayeishi mahali penye joto na unyevu. Msimamo wangu nautaja mapema: kwa anayeanza, na zaidi kwa anayekaa pwani, mashine za kunyolea ndizo za kuanza nazo, wembe wa kukunja ungoje mpaka jicho lizoee na kabati liwe tayari.

Kuusoma umri wa kifaa

Faida kubwa ya mashine, hasa za Gillette, ni kwamba nyingi zinajitambulisha zenyewe. Kampuni ya King Camp Gillette ilianzishwa Boston mwaka 1901, na hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya mashine yake ilitolewa tarehe 15 Novemba 1904. Mauzo ya 1903, mwaka wa kwanza, yalikuwa mashine 51 na nyembe 168 tu. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayowafanya wakusanyaji wapagawe kila kinapotajwa kifaa cha miaka ya mwanzo, na ndiyo pia inayomtaka mnunuzi awe mwangalifu, kwa kuwa mashine za muundo ule ziliendelea kutengenezwa kwa wingi kwa miaka mingi baadaye. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Marekani iliwanunulia askari wake mashine zipatazo milioni 3.5. Mashine yenye mkono mwembamba na meno ya kitana pembeni mwa kichwa, anayoiuza mtu mtandaoni kwa maneno ya "adimu sana", mara nyingi si adimu hata kidogo.

Hataza ilipoisha mwaka 1921, kampuni haikusubiri washindani: ilitoa muundo mpya wa bei ya juu na kuushusha ule wa zamani uwe wa bei rahisi. Mwaka 1934 ulikuja muundo wenye milango miwili juu ya kichwa, inayofunguka unapozungusha kitufe cha mkononi, na mwaka 1938 ikaja Tech, mashine nyepesi ya vipande vitatu isiyo na meno, ambayo pengine ndiyo iliyonyoa ndevu nyingi kuliko zote. Baada ya Vita vya Pili ikafuata Super Speed, na kuanzia mwisho wa 1958 hadi 1961 ikatengenezwa ile nene inayorekebishwa, iliyouzwa kwa dola 1.95 na ambayo wakusanyaji wanaiita Fatboy.

Kilicho kitamu zaidi kwa mkusanyaji kimepigwa chini ya kichwa. Kuanzia robo ya mwisho ya 1950, mashine za Gillette za Marekani zilipigwa herufi na tarakimu: herufi ni mwaka, tarakimu ni robo ya mwaka. Mlolongo ulianza na V, ukaendelea na W kwa 1951 hadi Z kwa 1954, kisha ukarudi A kwa 1955. Ukiigeuza Fatboy na kukuta E2, unajua kwamba ilitoka kiwandani kati ya Aprili na Juni 1959. Kwa mtu aliyezaliwa miaka ya 1960 kutafuta mashine ya robo aliyozaliwa ni mchezo mzuri, tena usio na gharama kubwa.

Wembe wa kukunja hausemi waziwazi namna hiyo. Tarehe yake hukisiwa kwa miaka kumi, ishirini au zaidi, kwa kusoma alama zilizopigwa kwenye shina la chuma, pale wembe unapoingia mpinini. Maneno "W R" pamoja na taji ni ya enzi ya Mfalme William wa Nne wa Uingereza, yaani kati ya 1830 na 1837. "V R" ni ya Malkia Victoria, aliyetawala hadi 1901. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, inayojulikana kwa jina la McKinley, ilidai kwamba kuanzia 1891 bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe nchi zilikotoka, hivyo wembe wenye neno "England" au "Germany" kwa kawaida ni wa baada ya hapo. Jina la Solingen, mji wa Ujerumani wa wafua visu, lililindwa kisheria mwaka 1938, ingawa lilikuwa limepigwa kwenye nyembe miaka mingi kabla. Umbo nalo hutoa ushahidi wake: nyembe za Sheffield, mji wa Uingereza wa wafua visu, za mwanzo wa karne ya 19 nyingi zina umbo la kabari, mgongo mnene unaoteremka moja kwa moja hadi makalini, na baadaye, kwa ustadi mkubwa wa mafundi wa Solingen, zikaja zilizochongwa mbonyeo pande zote mbili hata chuma kikawa chembamba kiasi cha kutoa sauti kinapoguswa na ukucha.

Anayependa uhakika wa tarehe basi aende kwenye mashine. Anayependa kubishana na kitu, akakitazama kwa kioo cha kukuza na kulinganisha chapa ya Wade & Butcher na ya Joseph Rodgers & Sons, au chuma cha Eskilstuna cha Sweden na cha Thiers cha Ufaransa, huyo ni mtu wa nyembe za kukunja, na hakuna mashine itakayomridhisha kwa muda mrefu.

Ubovu wa kutazamwa kabla ya kulipa

Kwenye mashine ubovu uko wazi, isipokuwa mmoja. Mikono ya Gillette za mwanzo ni bomba jembamba la shaba lililopakwa nikeli au fedha, na bomba hilo hupasuka kwa urefu, hasa karibu na mwisho, kwa ufa mwembamba unaofanana na unywele. Picha za muuzaji kwa nadra huonyesha ufa huo, kwa hiyo omba picha ya mkono ukiwa umezungushwa pande zote. Mengine huonekana kwa macho: meno ya kitana yaliyopinda kwa sababu mashine iliwahi kuangushwa kwenye sakafu ya bafu, milango isiyokutana sawasawa inapofungwa, na kwa zile za kurekebishwa, namba zinazozunguka huku nafasi kati ya wembe na ukingo haibadiliki. Fatboy inatakiwa ifunguke nafasi hiyo waziwazi inapotoka 1 kwenda 9. Isipofanya hivyo, kuna sabuni ya miaka 60 iliyoganda ndani, na mara nyingi maji ya moto, sabuni ya kuoshea vyombo na subira huimaliza kazi.

Wembe wa kukunja una siri nyingi zaidi. Ufa mdogo makalini, unaoanzia kwenye shimo la kutu lisilotazamika, huumaliza wembe kabisa. Mgongo uliolika kwa kunolewa vibaya huonyesha utepe mpana wa chuma kilicholainika, na wembe wa namna hiyo umepoteza pembe aliyoipanga fundi wake. Ukali uliobonyea katikati, badala ya kunyooka au kuchomoza kidogo, ni dalili ya kinoo kilichotumika vibaya kwa muda mrefu. Kisha kuna mpini uliobadilishwa: misumari miwili isiyolingana, au mpini ambao wembe ukikunjwa hauingii katikati yake. Haya hayaondoi uzuri wote wa kitu, lakini yanapaswa kuondoa sehemu ya bei.

Usafishaji nao unazigawa njia hizi mbili. Mashine iliyopakwa nikeli huvumilia mswaki mkuukuu na sabuni, na hata dawa ya kung'arishia chuma kwa kiasi. Zilizopakwa dhahabu zioshwe kwa sabuni tu, kwa sababu dhahabu yenyewe ni nyembamba mno na juu yake mara nyingi kuna vanishi. Ndimu na majivu, ambayo bibi zetu walisafishia sinia za shaba, hayafai kwenye kundi lolote: asidi na mchanga wa majivu huila nikeli na kuiacha shaba ikichungulia. Kwenye wembe wa kukunja, maandishi na picha zilizochorwa ubapani, wakati mwingine zikiwa zimepakwa dhahabu kidogo, hufutika kwa kusuguliwa dakika chache. Nimeona nyembe za Sheffield zilizong'arishwa mpaka zikawa kioo tupu, bila chapa wala jina, na muuzaji akazipandishia bei kwa kuwa "zimerekebishwa".

Suala la mpini

Hapa ndipo wembe wa kukunja unapozidi mashine kwa uzuri, na hapohapo ndipo unapozidi kwa matatizo. Mipini ilitengenezwa kwa pembe ya ng'ombe na ya nyati, mfupa, pembe ya ndovu, gamba la ng'amba, mpira mgumu, na kuanzia robo ya mwisho ya karne ya 19, seluloidi.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuishika pembe ya ndovu kama kitu cha mbali. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu za eneo hili, na viwanda vya visu vya Sheffield, Joseph Rodgers & Sons wakiwa mbele, vilikuwa wanunuzi wakubwa wa pembe. Historia hiyo inaupa wembe wa namna hiyo uzito wa pekee, lakini sheria inaupa uzito mwingine. Ndovu wa Afrika aliwekwa kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, mwaka 1989, mwaka uleule Rais Daniel arap Moi alipochoma tani 12 za pembe jijini Nairobi, na kwa sheria za Kenya na Tanzania kumiliki pembe bila kibali ni kosa la jinai, hata kama ni kipande chembamba cha urefu wa kidole kilichokatwa wakati wa Malkia Victoria. Ng'amba naye analindwa vivyo hivyo. Kwa hiyo anayeagiza wembe kutoka Ulaya kwa njia ya posta asitosheke na neno la muuzaji, ajifunze kutofautisha. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi, mabaki ya mishipa ya damu. Seluloidi iliyoigiza pembe ya ndovu ina mistari iliyonyooka na kurudiarudia kwa mpangilio usio wa maumbile. Pembe halisi ya ndovu ina mistari laini isiyolingana, na inapokatwa kwa upana mistari hiyo hupishana. Ukiwa na shaka, usiagize. Nyembe zenye mpini wa pembe ya ng'ombe ni nzuri vya kutosha, tena ikipigwa mwanga kwa nyuma hutoa rangi ya asali.

Seluloidi ina ugonjwa wake. Ilitengenezwa kwa nitroselulosi na kafuri, na inapozeeka huanza kutoa mvuke wa asidi unaokula chuma. Dalili ya kwanza huonekana kwenye wembe wenyewe: kutu iliyojipanga sawasawa na eneo lililofunikwa na mpini, huku sehemu nyingine ikiwa safi. Baadaye misumari hugeuka kijani, na mpini hutoka nyufa ndogondogo au hunata mkononi. Joto huharakisha uozo huu, na chumba kisicho na hewa huueneza, kwani mvuke wa mpini mmoja huharibu nyembe za jirani. Wembe wenye mpini unaooza uondolewe mara moja, uwekwe peke yake mahali penye hewa na mbali na moto, maana seluloidi hushika moto kwa urahisi mno.

Mashine za kunyolea hazina balaa hili, ila chache zenye mikono ya plastiki za zamani.

Chumvi na unyevu

Anayeishi Arusha au Nairobi anaweza kuruka sehemu hii haraka. Anayeishi Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam asiiruke. Wembe wa kukunja umetengenezwa kwa chuma chenye kaboni nyingi, kinachoshika kutu na kisichopakwa kitu, na upande wake mkali zaidi ndio mwembamba kuliko pote. Hewa yenye chumvi huanza na hapo. Mashine ni shaba iliyopakwa, nayo hukaa miaka mingi na kupata doa la kijani tu pale nikeli ilipokwaruzwa. Kwa tofauti hii pekee, mkusanyaji wa pwani anayesafiri mara kwa mara na kufunga nyumba angefanya vyema kuacha nyembe za kukunja kwa wengine.

Asiyeweza kuziacha basi azipake mafuta. Mafuta ya cherehani yanafaa, ni mepesi, na duka lolote la vifaa vya ushonaji linayo. Tone moja kwenye kitambaa cha pamba, kisha wembe upanguswe kuanzia mgongoni kuelekea makalini, usipanguswe kinyume. Mafuta ya nazi na ya kupikia yaachwe jikoni, maana huchacha na kunata. Wembe usirudishwe mpinini ukiwa na maji hata kidogo, kwa sababu kati ya pande mbili za mpini hewa haipiti na kutu huanzia kwenye shina, mahali ambapo chapa ya fundi ipo.

Ukuta, droo au kabati la kioo

Ubao wa ukutani wenye vishikio huvutia macho na hugharimu kidogo. Mashine zinapendeza juu yake, zikiwa zimesimamishwa kwa mpangilio wa miaka, na vumbi hupanguswa kwa brashi laini. Nyembe za kukunja zisitundikwe ukutani katika nyumba yenye watoto. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini wahenga hawakuwa na kabati la maonyesho sebuleni.

Droo zenye mikato ya povu ni njia ya mkusanyaji mwenye vitu vingi kuliko nafasi. Huzuia mwanga, jambo jema kwa pembe na seluloidi zinazopauka, lakini zinaficha mkusanyiko, na povu la bei rahisi huchakaa likawa unga unaonata. Sufu na ngozi zisitumike kama kitanda: zote hushika unyevu, na sufu hutia fedha weusi.

Kabati la kioo lililofungika vizuri ndilo ninalolipendekeza kwa mkusanyiko uliochanganyika, kwa masharti matatu. Rafu ziwe za kioo au akriliki, kwa sababu mbao za mwaloni na mbao za kubandikwa kwa gundi hutoa mvuke wa asidi ndani ya nafasi iliyofungwa. Taa ziwe za LED, na kabati lisielekee dirisha la magharibi. Ndani kuwe na kipima unyevu na vifuko vya jeli ya silika, vilevile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu ila vikubwa zaidi, ambavyo vikilowa hukaushwa kwa joto dogo la oveni na kurudishwa kazini. Unyevu wa karibu asilimia 45 hadi 50 unafaa: chuma kinapumzika, na pembe ya ng'ombe haikauki kiasi cha kupasuka. Kabati hili halifai kwa seluloidi iliyokwisha kuanza kuoza, kama ilivyoelezwa.

Namna ya kupanga inategemea kitu chenyewe. Wembe wa kukunja uonyeshwe ukiwa umefunguliwa nusu, ubapa wenye maandishi ukimwelekea mtazamaji na makali yakielekea nyuma. Makasha ya nyembe saba, kila mmoja ukiwa na jina la siku ya wiki mgongoni, yaachwe wazi kama yalivyokusudiwa, kwa kuwa kasha lenyewe ni nusu ya thamani. Mashine za milango zionyeshwe zikiwa wazi, maana zikifungwa zote hufanana kwa asiyezijua. Nyembe za kutupwa zilizobaki ndani ziondolewe na kutiwa kwenye kopo lenye tundu, isipokuwa zile zilizomo bado kwenye karatasi zake: karatasi ya buluu yenye sura na sahihi ya King Gillette ni kitu cha kukusanywa kwa haki yake, ila itiwe kwenye mfuko wa plastiki wa kuhifadhia nyaraka.

Kuna wanaochoshwa na pande zote mbili, na hao wana njia ya tatu. Rolls Razor ya Uingereza, iliyouzwa sana kati ya vita viwili na baada yake, ni kasha la chuma lenye kinoo upande mmoja na ngozi upande wa pili; ukivuta na kusukuma kishikio, wembe mnene wa ndani hupinduka na kujinoa wenyewe kwa mlio wa kuchekesha. Valet AutoStrop ya Henry Gaisman hupitisha ukanda wa ngozi ndani ya kichwa chake, na Star ya ndugu wa Kampfe wa New York, ya hataza ya 1880, ina kichwa kama koleo dogo. Kwa maonyesho hakuna zinazozishinda, kwa kuwa mgeni hawezi kuziacha bila kuuliza zinafanya kazi vipi. Udhaifu wake ni kwamba nyembe zake maalumu ni adimu, na kifaa kikikosa kipande kimoja, kukipata ni kazi.

Kila kilichoingia kabatini kiandikiwe kadi siku ileile, kabla mtu hajasahau kilitoka wapi: jina la mtengenezaji, alama zilivyopigwa herufi kwa herufi, aina ya mpini au mchovyo, ubovu ulioonekana, bei, na aliyekiuza. Kwa Fatboy ile ya E2 kadi itasema "Gillette 195, Boston, Aprili hadi Juni 1959, nikeli imelika kwenye kitufe, namba zote zinafanya kazi". Kwa wembe wa Sheffield usio na neno "England" itasema "kabla ya 1891, huenda", na neno hilo la mwisho liachwe palepale hadi ushahidi mwingine upatikane.